Dira isiyofungwa: Bunge la Arizona na visima vya nje ya mstari

Mama mmoja wa Kikongo ninayesali naye hapa Phoenix alinishika mkono baada ya ibada na kuniuliza swali ambalo wanasiasa wa jimbo hili wamelizunguka kwa zaidi ya miaka arobaini. Alikuwa amepata nyumba Buckeye, magharibi mwa jiji, na benki ilikuwa imeshamkubalia mkopo, kisha mwanawe akamwonyesha habari kwenye simu. "Kaka," aliniambia, "maji itaisha na deni ya nyumba ibakie?" Kazi yangu ni kupima maji yaliyo chini ya ardhi, kwa hiyo nilidhani jibu lingechukua dakika tano. Ninayoandika hapa ni yale ambayo hatukuyamaliza pale nje ya kanisa.

Habari aliyoonyeshwa ilitangazwa Juni 2023. Gavana Katie Hobbs alitoa matokeo ya modeli ya Idara ya Rasilimali za Maji ya Arizona, iliyokadiria kwamba katika miaka 100 ijayo eneo la Phoenix lingepungukiwa na ekari-futi milioni 4.86 za maji ya ardhini, yaani kama asilimia 4 ya mahitaji yake. Ekari-futi moja ni maji yanayofunika ekari moja kwa kina cha futi moja, kiasi cha mita za ujazo 1,233. Tangu hapo idara ikasitisha vyeti vipya vya maji kwa mitaa ya nyumba iliyokusudia kutegemea maji ya ardhini peke yake, ingawa vyeti vilivyokwisha kutolewa havikuguswa. Vyombo vya habari vikaandika kwamba Phoenix inakauka. Mimi niliisoma habari ile kwa namna nyingine, kwa sababu niliona sheria ikifanya kazi iliyotungiwa: anayetaka kugawa viwanja na kuviuza hutakiwa kuonyesha maji ya miaka 100, na hesabu ilipokataa, naye alikataliwa. Hesabu ile iliwezekana kwa sababu visima vikubwa vya Phoenix vimefungwa dira, yaani mita za kupimia maji, na wenye navyo hupeleka taarifa ya matumizi kila mwaka. Ukivuka mstari wa maeneo yanayosimamiwa, uliochorwa mwaka 1980, kwingi dira hakuna, na wa kusema hapana pia hakuna.

Mstari huo una kisa chake. Mwaka 1976 Mahakama Kuu ya Arizona, katika shauri lililoletwa na kampuni ya mashamba ya njugu za pekani kusini mwa Tucson, iliamua kwamba migodi haikuwa na haki ya kuvuta maji katika kiwanja kimoja na kuyapeleka kuyatumia kwingine. Migodi ikashtuka, na miji iliyokuwa ikileta maji kwa mabomba kutoka mabonde ya jirani ikashtuka zaidi. Ndipo wakubwa watatu, yaani kilimo, migodi na miji, walipokubali kukaa meza moja. Hata hivyo mazungumzo yaliburuzwa mpaka Waziri wa Mambo ya Ndani wa Marekani, Cecil Andrus, alipotishia kwamba bila sheria ya maji ya ardhini, Arizona isitarajie fedha za mfereji mkubwa wa kuleta maji ya Mto Colorado hadi Phoenix na Tucson. Gavana wa wakati ule, Bruce Babbitt, alisimulia baadaye kwamba ni yeye mwenyewe aliyemwomba Andrus atoe tishio hilo. Juni 1980 muswada ulipita katika mabaraza yote mawili bila kubadilishwa, na Babbitt akautia saini tarehe 12 ya mwezi huo huo.

Sheria hiyo ilianzisha maeneo manne ya usimamizi: Phoenix, Tucson, Prescott na Pinal; la tano, Santa Cruz, lilikuja kutengwa kutoka Tucson mwaka 1994. Ndani ya maeneo hayo ilipigwa marufuku kulima kwa umwagiliaji shamba jipya ambalo halikuwa likimwagiliwa katika miaka ya kabla ya sheria, na kila kisima chenye uwezo wa zaidi ya galoni 35 kwa dakika kikawekwa chini ya vipimo. Wakazi wengi wa jimbo wanaishi humo. Hata hivyo ukitazama ramani utaona kwamba zaidi ya robo tatu ya ardhi ya Arizona ilibaki nje, na katika sehemu kubwa ya huko kinachotawala bado ni uamuzi wa mahakama wa mwaka 1953, katika shauri la Bristor dhidi ya Cheatham, unaosema kwamba mwenye ardhi anaweza kuvuta maji yaliyo chini yake kwa matumizi yenye maana juu ya ardhi hiyo. Jambo ambalo watu husahau ni kwamba mwaka mmoja kabla yake, mahakama hiyo hiyo, katika shauri hilo hilo, iliamua kinyume: kwamba maji hayo ni ya umma. Wakapinduka baada ya kulisikiliza upya.

Kwetu watu hula pamoja kwenye sinia, na adabu ya sinia ni kula mbele yako. Uamuzi wa 1953 unadhani kwamba maji ya ardhini yanakaa kama wali, kila mtu na upande wake. Maji hayo ni mchuzi. Mwenye kata kubwa akichota upande wake, mchuzi wa upande wako unamfuata, wala hana haja ya kunyoosha mkono mbele yako ili akumalizie. Shambani kata hiyo ni kisima kirefu chenye pampu kubwa, na anayebaki kukwangua sinia ni mwenye kisima kifupi cha nyumbani.

Nimeyaona haya katika bonde la Willcox, kusini-mashariki mwa jimbo. Tunapopima kina kwa utepe wa chuma, sehemu ya mwanzo ya utepe tunaipaka chaki ya buluu, tunaushusha ndani ya bomba la kisima mpaka uguse maji, kisha tunaupandisha na kusoma pale chaki ilipolowa na kukoza rangi. Kuna kisima ambacho mara ya mwisho niliupandisha utepe na chaki ikarudi kavu kama nilivyoipaka. Mwenye kisima alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakuniuliza kitu, alizima redio ya gari na kwenda kufunga banda la kuku. Hatua chache kutoka pale, bomba la chuma la kisima cha zamani cha umwagiliaji limesimama wima, na zege lililomwagwa kulizunguka linaning'inia hewani kwa kimo cha goti. Mgeni hudhani zege limeinuka, kumbe ni ardhi iliyodidimia, kwa sababu tabaka la udongo likishanyonywa maji yake hujibana, na sehemu kubwa ya nafasi iliyokuwa ikiyahifadhi hairudi tena hata mvua zikinyesha vipi.

Mwaka 2022 wakazi walipewa kura ya kuamua kama mabonde yao yawe maeneo ya usimamizi. Bonde la Douglas, jirani na mpaka wa Meksiko, lilikubali, Willcox lilikataa. Mwishoni mwa 2024 na mwanzoni mwa 2025 idara yenyewe ikaitangaza Willcox kuwa eneo la usimamizi kwa mamlaka iliyopewa na sheria ile ya 1980. Nilisikia malalamiko mengi kwamba serikali imepuuza kura, na sidhani ni malalamiko ya kipuuzi. Wakulima wadogo waliopiga kura ya hapana niliozungumza nao hawakuwa wakikana kwamba maji yanashuka; walikuwa wakiogopa kwamba kanuni zilizobuniwa kwa ajili ya jiji zingemgandisha kila mtu pale alipo, mkubwa abaki na ukubwa wake na mdogo abaki na udogo wake.

Lakini mjadala unaopata wasikilizaji wengi si huu. Ni ule wa Wasaudi. Mwaka 2014 Fondomonte, kampuni tanzu ya Almarai, ambayo wasomaji wangu walioko Maskati na Dubai wanaijua kwa maziwa yaliyomo kwenye friji zao, ilinunua karibu ekari 10,000 jirani na Vicksburg, katika kaunti ya La Paz, kwa dola milioni 47.5, ili kulima alfalfa ya kulishia ng'ombe wa maziwa nyumbani, huku serikali ya Saudi Arabia ikielekea kusitisha kilimo cha majani ya malisho ili kuokoa maji yake yenyewe. Kampuni hiyo ilikodi pia ardhi ya jimbo katika bonde la Butler kwa dola 25 kwa ekari kwa mwaka, na maji hayakuwa na bei. Oktoba 2023 Hobbs alifuta mkataba mmoja wa bonde hilo na kutangaza kwamba mingine mitatu haitahuishwa. Watu walishangilia. Ila shamba la Vicksburg ni mali binafsi, halikuwamo katika mikataba hiyo, na kwa sheria ya maji ilivyokuwa huko, mwenye shamba hakuwa na kikomo cha kuvunja, awe Msaudi au mzaliwa wa hapo hapo La Paz. Ndiyo maana Mwanasheria Mkuu Kris Mayes, alipofungua kesi dhidi yake Desemba 2024, alilazimika kupitia sheria ya kero kwa umma.

Kwa nini basi Bunge la jimbo halijaujaza mwanya huo? Seneti ina viti 30 na Baraza la Wawakilishi lina viti 60, wote wanachaguliwa kila miaka miwili, na mshahara wao ni dola 24,000 kwa mwaka. Hao ndio tunaowataka wapange maji ya karne. Miswada ya kuzipa kaunti za vijijini uwezo wa kusimamia maji yao imeletwa mara nyingi, na baadhi imeletwa na wabunge wa chama cha Republican kutoka vijijini kwenyewe. Mingi haikushindwa kwa kura. Mwenyekiti wa kamati asipouweka muswada kwenye ratiba, hausikilizwi, na kikao kikifungwa umekufa bila mtu yeyote kurekodiwa kwamba aliupinga. Mwaka 2025, pendekezo lililoungwa mkono na gavana pamoja na viongozi wa vijijini wa vyama vyote viwili halikupita.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba hata kufunga dira tu, bila kumpunguzia mtu lita moja, kunapingwa vikali. Nilidhani zamani kwamba ni ukaidi. Siku hizi naelewa hofu yao: anayepimwa leo anajua kesho atagawiwa. Lakini bila kipimo, idara inabaki kukisia matumizi ya mashamba hayo kwa picha za setilaiti zinazoonyesha ekari za kijani, na mkulima mwangalifu hana namna ya kuthibitisha kwamba si yeye aliyemkaushia jirani.

Mto Colorado nao unazidisha haraka. Upungufu wa kwanza rasmi ulitangazwa Agosti 2021, na Arizona ikakatwa ekari-futi 512,000 kwa mwaka 2022. Wakulima wa Pinal, walioumia kuliko wote, walirudi kwenye visima, na Bunge lilikuwa limeshatenga fedha za kuwasaidia kuvifufua. Kanuni za sasa za kugawana upungufu wa mto zinafikia kikomo mwaka 2026, na kila ekari-futi inayokosekana mtoni itatafutwa ardhini.

Kwetu Tanzania, kwa kulinganisha, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inayaweka maji yote kuwa mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na bodi za mabonde tisa ndizo zinazotoa vibali. Kwa maandishi tumewapita Waarizona mbali sana. Anayeishi Dar es Salaam na kununua maji kwenye boza la kisima cha jirani anajua umbali uliopo kati ya maandishi hayo na bomba.

Yule mama nilimwambia aulize mtaa wake una cheti cha maji cha mwaka gani na cha chanzo kipi, kwa sababu nyumba nyingi zilizokwisha kujengwa ndani ya mstari kwenye mitaa kama hiyo zina karatasi hiyo. Alikuwa nayo. Amehamia tangu mwaka jana, na mwezi uliopita alinitumia picha ya ankara yake ya maji akitaka nimsomee tarakimu za dira. Alikuwa ametozwa kwa kila galoni, mpaka ile aliyomwagilia mchicha uani.