Nywele Kunyonyoka Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Kuanzia Mwanjelwa jijini Mbeya hadi Iringa mjini, wapo wanaoamini kwamba mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito akianza kunyonyoka nywele, basi upasuaji umekwenda vibaya au ana ugonjwa aliofichwa. Hofu hiyo inaeleweka, kwani kukuta kitana kimejaa nywele asubuhi, wakati kidonda kimeshapona, si jambo dogo.

Kinachojulikana ni kwamba nywele hukua kwa awamu. Mwili unapopata mshtuko, uwe upasuaji, kupungua uzito kwa kasi au kula kidogo mno, nywele nyingi huingia kwa pamoja katika awamu ya kupumzika, kisha huanguka takriban miezi 3 baadaye. Ndiyo maana wanawake wengi hupatwa na hali hiyohiyo baada ya kujifungua. Mashina hayafi, na kwa kawaida nywele huota tena.

Msomaji anaweza kuhesabu miezi tangu siku ya upasuaji, kisha autazame mwangani unywele ulioanguka: ukiwa na kitone cheupe mwishoni, umetoka wenyewe kwenye shina, haukukatika kwa kusukwa. Hali ikizidi miezi 6, apimwe damu, hasa madini ya chuma, na aulize kama anafikisha gramu 60 za protini kwa siku, kiwango cha chini kinachopendekezwa mara nyingi. Maharage ya Mbeya ni mazuri, lakini kwa tumbo lililopunguzwa hayatoshi peke yake.