Castletown: jumba lenye ngazi isiyo na nguzo

Kaunti ya Kildare, magharibi mwa Dublin, ina majumba makubwa ya mashambani yaliyojengwa katika enzi za wafalme wanne waliofuatana, wote wakiitwa George, kati ya 1714 na 1830. Carton, karibu na Maynooth, siku hizi ni hoteli. Mimi humshauri mgeni aanzie Castletown, katika mji wa Celbridge.

Ujenzi ulianza 1722. Mwenye nyumba, William Conolly, alikuwa Spika wa Bunge la Ireland, na utajiri wake ulitokana na kununua na kuuza ardhi walizonyang'anywa walioshindwa vitani mwishoni mwa karne ya 17. Historia hiyo isifichwe na uzuri wa mawe.

Conolly alifariki 1729, ngazi kuu ikiwa bado. Aliyeikamilisha ni Louisa, aliyeolewa katika ukoo huo 1758 akiwa na miaka 15 tu. Simama chini ya ngazi hiyo uangalie juu: hakuna nguzo hata moja. Kila kidato cha jiwe kimechomekwa ukutani kwa ncha moja na kulalia kidato kilicho chini yake, hivyo uzito unashuka kidato kwa kidato mpaka sakafuni. Kwenye vijiti vya shaba vya kingo, fundi ameandika: A. King, Dublin, 1760. Nakshi za plasta ukutani ni kazi ya Filippo Lafranchini.

Kuta za zamani namna hii zilijengwa kwa chokaa, ambayo huruhusu unyevu kutoka. Tafadhali, usizibe ufa wake kwa saruji! Maji hunaswa ndani, na jiwe huanza kumomonyoka.

Miaka ya 1960 jumba liliuzwa, samani zikapigwa mnada, likabaki tupu. Desmond Guinness, mtetezi wa majengo ya kale, alilinunua 1967, na watu wa kujitolea wakaingia na ndoo na brashi. Tangu 1994 linamilikiwa na serikali.

Kutoka madirisha ya nyuma ya ghorofani utaona kwa mbali matao yaliyobebana, na juu yake mnara mwembamba. Majira ya baridi kali ya 1739 hadi 1740 yaliua viazi ardhini, njaa ikaingia. Katherine, mjane wa Conolly, akaagiza mnara huo ujengwe ili wenye njaa wapate kibarua.