Nani mkali wa zama zake? Dhana zinazopotosha mjadala wa kikapu, na ukweli wake

Mechi ya fainali za NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, ikianza saa mbili na nusu usiku kule New York, hapa Kampala ni saa tisa na nusu, karibu na alfajiri. Wachache hukesha. Wengi huamka wakakuta vipande vya dakika mbili kwenye simu, na kabla jua halijawa kali, kwenye steji za bodaboda Wandegeya na nje ya ukumbi wa Lugogo, orodha ya wakali watano wa zama hizi imeshapangwa na kupanguliwa mara tatu. Mjadala huu ni mtamu na unastahili kufanywa vizuri. Ukikwama, mara nyingi si kwamba watu hawajui majina. Kila mmoja amekuja na mizani yake bila kuitaja: huyu anapima makombe, yule pointi, wa tatu anapima kilichomfurahisha macho.

"Hesabu pete, mjadala umekwisha"

Bingwa wa NBA hupewa pete. Robert Horry ana pete 7: mbili za Houston, tatu za Lakers, mbili za San Antonio. Michael Jordan ana 6. Hakuna anayemweka Horry juu ya Jordan, na Horry hakuwahi kuteuliwa hata mara moja kucheza mechi ya nyota. Kwa hiyo hata anayesema "pete tu" ana mizani nyingine aliyoificha mfukoni. Aitoe mezani tuione.

Tuna mfano wa nyumbani. City Oilers walitwaa ubingwa wa Uganda mfululizo kuanzia 2013 hadi 2019. Ukipima kwa makombe peke yake, mchezaji wa akiba aliyekaa benchi la Oilers miaka yote hiyo anampita nyota yeyote wa timu pinzani aliyebeba wenzake msimu mzima. Anayetaka kumweka Jimmy Enabu, aliyekuwa nahodha wa Oilers, kileleni mwa zama hizo atueleze alichokuwa akikifanya uwanjani. Makombe yafuate nyuma kama ushahidi.

Swali la kuuliza ni hili: pete ilipopatikana, yeye alikuwa nani ndani ya timu? Angalia dakika zake katika hatua ya mtoano, mzigo wake wa kufunga au kuzuia, na timu ilikuwaje alipokosekana. Bill Russell ana pete 11 katika misimu 13. Ni kweli ligi ilikuwa na timu 8 tu alipoingia, na njia ya kufika fainali ilikuwa fupi. Lakini Boston haikuwahi kuwa bingwa kabla yake, na mwaka 1958 alipoumia kifundo cha mguu katikati ya fainali, Boston ilishindwa. Huo ndio ushahidi wenye uzito kwa Russell, kuliko ile 11 yenyewe.

"Sita kwa sita ni bora kuliko nne kwa kumi"

Jordan alifika fainali mara 6 na kushinda zote. LeBron James alifika mara 10, akashinda 4. Kwa hesabu hii, kufungwa fainali kunageuka kuwa dhambi kubwa kuliko kutolewa raundi ya kwanza, jambo lisilo na mantiki. Jordan alitolewa raundi ya kwanza mwaka 1985, 1986 na 1987, na hakuna anayemhesabia hayo, ingawa katika mechi moja ya 1986 dhidi ya Boston alifunga pointi 63. Mwaka 2015 LeBron alishindwa fainali akiwa na wastani wa pointi 35.8, ribaundi (mipira iliyokosa kikapu anayoidaka) 13.3 na asisti (pasi zinazozaa kikapu) 8.8. Yeyote akimweka Jordan juu sisi hatubishi. Zipo sababu nzuri, kama wastani wake wa pointi 33.4 katika hatua ya mtoano. Hii ya sita kwa sita si mojawapo.

"Namba hazidanganyi, 50 ni kubwa kuliko 30"

Hapa ndipo makosa mengi zaidi yanapofanyika, tukae kidogo.

Wilt Chamberlain, msimu wa 1961–62, alikuwa na wastani wa pointi 50.4 kwa mechi. Mechi ya NBA ni dakika 48, naye alicheza wastani wa dakika 48.5, kwa sababu ya muda wa nyongeza. Yaani hakupumzika. Msimu huohuo Oscar Robertson alipata wastani wa pointi 30.8, ribaundi 12.5 na asisti 11.4. Miaka 55 baadaye, msimu wa 2016–17, Russell Westbrook alipata pointi 31.6, ribaundi 10.7 na asisti 10.4. Ukiziweka sambamba, Robertson anaonekana kumzidi Westbrook kwa ribaundi.

Sasa tazama kilichokuwa kinapatikana. Mwaka 1962 timu zilikimbia sana na kutupa vibaya: kila timu ilirusha mitupo zaidi ya 100 kwa mechi, na mingi ikakosa, hivyo ribaundi kwa timu zikazidi 70. Mwaka 2017 mitupo ilikuwa takriban 85 na ribaundi 43 na ushei. Kumi na mbili na nusu kati ya sabini ni kama 17 au 18 kwa kila 100. Kumi nukta saba kati ya 43 ni kama 25. Tena Robertson alicheza zaidi ya dakika 44 kwa mechi, Westbrook chini ya 35. Kwa ribaundi, basi, Westbrook ndiye aliyechota sehemu kubwa ya kapu. Hilo halimfanyi kuwa bora kuliko Robertson kwa jumla. Linaonyesha tu kwamba kabla ya kulinganisha namba za zama mbili, gawanya kwanza kwa kilichokuwepo.

Ukubwa wa mechi nao huleta mkanganyiko. Kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, zinazotumika katika ligi yetu, mechi ni dakika 40. Mchezaji mwenye pointi 20 katika dakika 40 ni sawa na mwenye 24 katika dakika 48. Mstari wa pointi tatu wa FIBA uko mita 6.75, wa NBA mita 7.24 sehemu yake ya mbali. Usichukue asilimia za huku ukazibandika kule.

Kuna kipimo kimoja cha ufanisi wa kufunga ambacho kila mpenzi wa kikapu anaweza kukikokotoa kwa simu. Chukua mitupo yote ya uwanjani, ongeza mitupo huru iliyozidishwa kwa 0.44, jumla hiyo izidishe kwa 2, kisha gawanya pointi kwa jibu hilo. Tuseme mchezaji wa kwanza kafunga pointi 24 kwa mitupo 24 na mitupo huru 4: 24 gawanya kwa 51.52, unapata 0.466. Wa pili kafunga 20 kwa mitupo 14 na mitupo huru 6: 20 gawanya kwa 33.28, unapata 0.601. Wa kwanza ametumia mitupo kumi zaidi ili kuongeza pointi nne. Uwanjani makofi yatakuwa yake, lakini timu imelishwa zaidi na wa pili. Ile 0.44 inatokana na kwamba si kila mtupo huru unamaliza zamu ya kushambulia: mwingine huja baada ya kikapu kilichoingia na faulo juu yake, na kuna faulo zinazotoa mitupo mitatu.

"Aliyepewa MVP ndiye alikuwa bora mwaka ule"

MVP, tuzo ya mchezaji wa thamani zaidi, ni ya msimu wa kawaida tu. Kura hupigwa kabla ya hatua ya mtoano. Hadi msimu wa 1979–80 wapiga kura walikuwa wachezaji wenyewe, ndipo waandishi wa habari wakachukua nafasi. Mwaka 1962 wachezaji walimpa Russell, si Chamberlain wa pointi 50. Tuzo ya mchezaji bora wa fainali ilianza 1969, msimu wa mwisho wa Russell, ikaenda kwa Jerry West aliyeshindwa fainali hiyo. Leo tuzo hiyo inabeba jina la Russell, naye hakuwahi kuipata. Anayehesabu tuzo za fainali kulinganisha Russell na Jordan anahesabu kitu ambacho hakikuwepo.

"Kama hakipo kwenye rekodi, hakikufanyika"

NBA ilianza kuandika rasmi bloku (mitupo iliyozuiwa angani) na mipira iliyoibwa msimu wa 1973–74. Russell na Chamberlain walikuwa wameshastaafu, kwa hiyo kwenye vitabu hawana bloku hata moja. Orodha ya bloku inaongozwa na Waafrika wawili, Hakeem Olajuwon wa Lagos mwenye 3,830 na Dikembe Mutombo wa Kinshasa mwenye 3,289. Fahari ni yetu na tunaistahili. Tuiseme tu kwa usahihi, kwamba ni tangu 1973. Olajuwon hahitaji msaada wa orodha hiyo: mwaka 1994 alikuwa MVP, mlinzi bora wa ligi na mchezaji bora wa fainali, vyote katika msimu mmoja. Na mstari wa pointi tatu uliingia NBA 1979–80, hivyo usimlaumu mtu wa 1965 kwa kutokuwa na mitupo ya mbali.

"Zamani walipigana, siku hizi wanalindwa"

Nusu yake ni kweli. Tangu 2004–05 waamuzi walikaza kanuni ya kumzuia mwenye mpira kwa mkono, na washambuliaji wa pembeni wakapata nafasi. Nusu inayosahaulika ni kwamba kabla ya 2001–02 NBA haikuruhusu ulinzi wa eneo. Mlinzi hakuweza kusimama chini ya kikapu akimsubiri Jordan apenye. Ilimpasa kumfuata mtu wake au kwenda moja kwa moja kumkaba mwenye mpira. Mshambuliaji wa leo anaguswa kidogo, lakini anakuta watu wawili wameshajipanga njiani.

"Macho yangu yanatosha"

Vipande vya kwenye simu huonyesha mipira iliyoingia. Ukitaka macho yakusaidie, chagua mchezaji mmoja, mtazame dakika tano mfululizo bila kuufuata mpira. Mpira ukiwa upande wa pili, miguu yake iko wapi: ameingia hatua moja kuelekea kikapu tayari kusaidia, au amesimama wima mikono chini? Mpinzani akiweka skrini (akisimama kumzibia mlinzi njia), anaipigia kelele ili mwenzake asiigonge? Na anaposhambulia, wanamfuata wangapi? Mtazame Stephen Curry akivuka mstari wa kati: walinzi wawili wanamwendea, anaachia mpira mapema, na wenzake wanne wanabaki na walinzi watatu. Kikapu kikifungwa baada ya pasi mbili zaidi, asisti ni ya mwingine. Mitupo 402 ya pointi tatu aliyoingiza 2015–16 inaonekana kwenye rekodi. Hofu aliyoipanda uwanjani utaiona kwa kutazama tu.

"Zama ni muongo"

Kobe Bryant na Tim Duncan walicheza hadi 2016, mmoja tangu 1996, mwingine tangu 1997. Ni wa muongo gani? Njia inayofanya kazi ni kuchukua misimu yake mitano hadi saba bora, kisha umweke pale ilipoangukia. Baada ya hapo mkubaliane kama mnapima kilele au urefu wa safari. Bill Walton alikuwa bingwa 1977 na MVP 1978, kisha miguu ikamwangusha. Kareem Abdul-Jabbar alicheza misimu 20 na kuacha pointi 38,387. Kwa kilele wanaweza kuwekwa karibu, kwa urefu wako mbali sana. Mkichanganya maswali hayo mawili mtabishana hadi giza liingie, na kila mmoja yuko sahihi.

"Wa kwetu hawapangiki"

Wanapangika, tena kwa uhakika zaidi, maana unaweza kwenda Lugogo ukawaona. Kikwazo ni rekodi. Karatasi rasmi ya mechi ya FIBA, ile ya mezani, huandika pointi, faulo na mapumziko yaliyoombwa. Ribaundi, asisti na mitupo iliyokosa haimo. Anayepanga wachezaji kwa karatasi hizo atawaona wafungaji tu, na mlinzi aliyezima nyota wa timu nyingine ataonekana kama mwenye faulo nne.

Dawa ni daftari na watu wawili, mmoja akitazama na kutaja, mwingine akiandika bila kuinua kichwa. Mtu mmoja akifanya yote mawili, atakosa ribaundi kila anapoandika kikapu. Tenga safu za dakika, mitupo ya pointi mbili, ya tatu na mitupo huru, kila moja iliyoingia na iliyorushwa. Kisha ribaundi za kushambulia na za kuzuia, asisti, mipira aliyopoteza, aliyoiba, na bloku. Aliyechezewa faulo akitupa na mpira ukakosa, usimwandikie mtupo. Mwandikie mitupo huru tu. Aliyeugusa angani mpira uliokosa ukaingia moja kwa moja, mwandikie ribaundi na mtupo pia. Andika angalau mechi kumi kabla ya kumlinganisha na mtu, zikiwemo za timu ngumu na za timu nyepesi, na usitumie mechi ambayo mwandishi alichelewa robo ya kwanza.