Maji ya samaki hayabadilishwi, huzimuliwa

"Nimebadilisha maji jana jioni, leo asubuhi wote wanaelea." Sentensi hiyo nimeisikia tena wiki iliyopita, safari hii kwa jirani aliyenibishia hodi na ndoo mkononi, ndani yake samaki watano wa dhahabu wamelala ubavu. Nikamuuliza alibadilisha maji kiasi gani. Akanishangaa. "Yote, si nilikuwa nasafisha?"

Basi kwa kifupi: kubadilisha maji ya tangi la samaki ni kutoa sehemu yake, robo hivi kwa wiki, na kurudishia kiasi hichohicho cha maji yasiyo na klorini (dawa inayotiwa maji ya bomba), yenye joto linalokaribiana na la tangini. Tangi la lita 60, unavuta lita 15 kwa mpira. Samaki hawatolewi, mawe hayasuguliwi kwa sabuni. Hiyo ndiyo maana, wala haina siri.

Kinachoniudhi ni neno lenyewe, maana ndilo linaloua. Kubadili kumetoka kwenye Kiarabu, shina lilelile lililotupa "badala" na "mbadala". Ni kutoa hiki, kuweka kile mahali pake. Ukienda kubadili fedha, shilingi zako zinabaki dirishani, unaondoka na dola. Ukibadili shati, hulivai jipya juu ya robo tatu ya lile la jana. Kwa hiyo mtu akiambiwa "badilisha maji" akamwaga yote, Kiswahili chake hakina kasoro. Amefanya hasa alichoambiwa. (Wanaogombania kama ni kubadili au kubadilisha waendelee tu, samaki hafi kwa hilo.)

Na neno tulikuwa nalo jikoni siku zote: kuzimua. Chai imekolea mno, unaizimua. Maji ya kuoga yanachoma, unayazimua kwa ya baridi. Hakuna anayemwaga sufuria nzima. Tangini ndicho kinachotakiwa, kupunguza ukali wa kilichomo.

Ukali upi? Samaki hutoa amonia, nyingi yake kupitia matamvua, yale tunayoyaita mashavu tukiwa sokoni. Amonia ni sumu. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, yenye madhara madogo zaidi. Hapo mlolongo unasimama na nitrati inaanza kurundikana wiki kwa wiki. Hiyo ndiyo unayoizimua. Ikiwa imefika miligramu 40 kwa lita, na maji unayotia hayana nitrati, ukitoa robo inabaki 30.

Bakteria hao, kwa sehemu kubwa, hawaishi kwenye maji. Wameng'ang'ania sponji ya filta, changarawe na kioo. Jirani alikuwa ameiosha sponji chini ya bomba mpaka ikang'aa, na klorini imewekwa bombani kuua vijidudu, haichagui vya kwetu na vya samaki. Isitoshe huunguza yale matamvua. Sponji husuuzwa ndani ya yale maji uliyoyatoa tangini, basi. Maji ya bomba yakikaa wazi ndooni siku nzima, klorini huruka. Lakini kama mamlaka ya maji inatumia kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, kungoja hakusaidii, ununue dawa ya kuiondoa.

"Lakini yalikuwa maji safi," akasema. Na hili nalo. Safi, huko Arabuni lilikotoka, ni kisichokuwa na tope. Ni neno la macho. Amonia haina rangi, na maji yanaweza kuwa maangavu kama kioo huku yanaua. Kuna hata hali mbaya zaidi: tangi lililokaa miezi bila kuguswa huelekea kuwa na asidi, na ndani ya asidi amonia hujificha katika umbo la amoniamu lisilodhuru sana. Samaki wanaonekana wazima. Mwenye tangi akizinduka, akatoa nusu kwa mpigo na kutia ya bomba yasiyo na asidi, amoniamu iliyobaki inarudi kuwa amonia. Wanakufa siku ya usafi, na lawama inaangukia maji mapya.

Wengine hukosea upande wa pili. Wao hujazia tu kila maji yanapopungua, wakasema wamebadilisha. Kinachopaa ni mvuke mtupu. Chumvi na nitrati zinabaki. Ni kama mchuzi uliosahauliwa jikoni, kila ukikauka unazidi kukolea chumvi. Ukijazia kwa maji ya kisima yenye chumvi, kama yalivyo mengi hapa Dar es Salaam, ndiyo unaongeza nyingine juu yake.

Jirani sikumwambia ameua samaki. Nilimwomba tu, akinunua wengine, asiseme tena anabadilisha maji, aseme anazimua. Akacheka sana, maana mtaani kwetu kuzimua ni kazi ya Jumapili asubuhi kwa waliozidisha Jumamosi. Nikamwambia hata hiyo ni sawasawa: anayezimua huanza na chupa moja, hakuna anayeanza na kreti.