Lori Limefika Kasumbalesa, Habari Zake Bado

Ndugu waingizaji bidhaa, malalamiko yanayoletwa kwenye biro yetu hapa Lubumbashi siku hizi yanafanana. Lori limekwama Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, magazini (ghala) iliita vibarua alfajiri, wamelipwa bila kushusha hata katoni moja, na mwenye mzigo anauliza akili bandia inayosifiwa kila mahali itafika lini kwetu. Wengine wanaapa kuwa kompyuta ya duane (forodha) inawachagua kwa chuki. Hasira tunaielewa. Hiyo ya chuki, hapana.

Programu za akili bandia katika kazi yetu si za kimiujiza. Zinapewa rekodi za safari zilizopita, kutoka Durban kupitia mipaka ya Chirundu au Kazungula, ama kutoka Dar es Salaam kupitia Tunduma, halafu zinakisia siku ambayo lori litafika. Zinasoma faktire (ankara) na kupendekeza namba ya ushuru. Zinagundua uzito usiolingana na idadi ya katoni. Yote hayo yanahitaji karatasi zinazosema jambo moja. Tunaletewa dosie, yaani faili la karatasi za mzigo, ambamo faktire inasema pampu za maji, orodha ya vifurushi inasema vipuri, na karatasi ya dereva inasema “bidhaa mbalimbali”. Hapo mashine haiwezi kukusaidia. Itafanya kilekile ambacho afisa angefanya, yaani kushuku.

Chukua namba ya kontena. Ina herufi 4 na tarakimu 7, na tarakimu ya mwisho hupatikana kwa hesabu ya zile zilizotangulia. Ukikosea tarakimu moja tu, karibu kila mara hesabu inakataa papo hapo. Wala hiyo si akili bandia, ni hesabu ya kawaida, na bado tunapokea namba zilizonakiliwa kwa mkono kutoka picha ya simu isiyosomeka. Piga picha upya, jamani.

Sasa utaratibu, kwa sababu hapa ndipo watu wanaporuka hatua. Leseni ya kuingiza bidhaa hupitia benki yako. FERI, ile fishi ya kielektroniki yenye habari za mzigo unaoingia, inayotolewa na OGEFREM, ofisi ya serikali ya usimamizi wa shehena, huombwa kule mzigo unakoondokea. Kuitafuta lori likiwa mpakani ni kuchelewa, na kuchelewa kuna gharama zake. OCC, ofisi ya Kongo ya ukaguzi wa bidhaa, inahusika na ubora na vipimo. Deklara wako, yaani wakala wa forodha, huingiza tamko katika Sydonia, mfumo wa kompyuta wa duane uliotengenezwa na shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo. Mfumo huo ndio unaotoa rangi: kijani mzigo unapita, njano karatasi zinakaguliwa, nyekundu mzigo wenyewe unafunguliwa, na buluu unapita lakini ukaguzi unaweza kukufuata baadaye. Rangi hutokana na vigezo vya hatari, na nyekundu si hukumu. Kinachofuata ni malipo benki, kisha ruhusa ya kuondoa mzigo. Lori lisitoke kabla ya ruhusa hiyo, hata kama dereva ana haraka, hata kama “mtu amesema”.

Kuhusu adhabu: Sheria ya Forodha ya tarehe 20 Agosti 2010 inaadhibu tamko la uongo juu ya aina, thamani au asili ya bidhaa. Kuna faini, na kulingana na kosa, mzigo unaweza kutaifishwa. Kusema “deklara ndiye aliyeandika” hakufuti ushuru unaodaiwa.

Wafanyabiashara wengi hawataki kugawana habari kwa kuogopa kuonyesha bei zao. Hofu hiyo ina msingi, na sisi hatuwaombi mtangaze faktire sokoni. Msafirishaji hahitaji bei. Anahitaji uzito, aina ya vifurushi na mahali pa kushusha. Magazini inahitaji namba ya lori, idadi ya vifurushi na saa inayokisiwa, tena ipate habari kila lori linapovuka mpaka mmoja, si lori likishapiga honi getini. Bei ni ya deklara, benki na duane. Akipewa kila mtu sehemu yake mapema, hata jedwali rahisi la kompyuta litapunguza hasara ya vibarua kabla hujanunua programu yoyote.

Na programu ikikosea msishangae. Mnamo Agosti 2024 Zambia ilifunga mpaka wake na sisi Kongo kwa siku chache, kutokana na mvutano ulioanza na marufuku ya kuingiza bia na vinywaji baridi. Rekodi za safari za zamani zisingeweza kutabiri hilo. Siku kama hizo simu ya dereva ndiyo yenye habari, kwa hiyo namba yake iwe ndani ya dosie.

Biro inapokea dosie za kuangaliwa kabla ya kupakia. Leteni faktire, orodha ya vifurushi na karatasi ya usafiri, zote tatu pamoja, tuzilinganishe. Ukija lori likiwa tayari kwenye foleni tutakupokea pia, ila muda huo tunachoweza kufanya ni kidogo.