Amiloidi na tau: maswali kuhusu ugonjwa wa Alzheimer

Shikamoo daktari. Bibi yetu huku Tukuyu anauliza jambo lile lile kila baada ya dakika chache, na juzi alipotea akitoka sokoni. Wengine wanasema ni uzee, wengine karogwa.

Marahaba. Si uzee, wala hajarogwa. Mzee mwenye afya husahau alipoweka miwani, baadaye akakumbuka. Kupotea katika njia aliyoipita maisha yake yote ni dalili ya ugonjwa, na mara nyingi huo ni Alzheimer. Inaniuma sana mzee wa namna hii anapoitwa mchawi na ndugu zake mwenyewe.

Ubongoni kunatokea nini?

Mwaka 1906 daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, alieleza alichokiona kwa darubini katika ubongo wa mwanamke aliyefariki akiwa amepoteza kumbukumbu: mabonge nje ya seli za neva, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli hizo. Mabonge ni ya protini iitwayo amiloidi beta. Nyuzi ni za protini nyingine, tau.

Amiloidi beta ni kipande kinachokatwa kutoka protini kubwa iliyo kwenye utando wa seli. Sote tunaitengeneza, na ubongo wenye afya huisafisha. Kuna aina yake ndefu kidogo, yenye amino asidi (vijenzi vya protini) 42, inayonata kuliko nyingine. Vipande vyake hushikana, na hata kabla havijawa mabonge huvuruga mahali seli zinapopashana habari.

Tau kwa asili haina ubaya. Ndani ya seli ya neva mna mirija myembamba ya kusafirishia mahitaji ya seli, na tau huishikilia kama mataruma yanavyoshikilia reli ya TAZARA. Katika ugonjwa huu tau hubandikwa kemikali iitwayo fosfeti kupita kiasi, huiachia mirija, kisha husokotana yenyewe kwa yenyewe. Usafirishaji hukwama na hatimaye seli hufa.

Protini hizo mbili zinahusianaje?

Hapa ndipo kwenye kiini cha ugonjwa. Amiloidi huanza kurundikana miaka 15 hadi 20 kabla ya dalili, mtu akiwa bado anachuma chai yake na kuhesabu fedha bila kukosea. Wakati huo tau iliyoharibika huwa imejibana katika eneo dogo karibu na hipokampasi, sehemu inayohifadhi kumbukumbu mpya. Wazee wengi wanayo kiasi hicho na hawaumwi. Amiloidi ikishajaa, tau huvuka eneo lile na kuenea seli hadi seli. Utafiti wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba panya waliopunguziwa tau hawakupoteza kumbukumbu, ingawa amiloidi yao ilibaki vilevile. Kwa binadamu pia, upotevu wa kumbukumbu hufuata zaidi kuenea kwa tau kuliko wingi wa mabonge. Kwa hiyo amiloidi ndiyo inayochochea, tau ndiyo inayoangamiza.

Sisi wajukuu tutaurithi?

Si lazima. Jeni iitwayo APOE4 huongeza hatari tu. Presha, kisukari, sigara na usikivu uliopungua pia huchangia, na hayo yanatibika au kuzuilika.

Kuna dawa?

Lecanemab, iliyoidhinishwa kikamilifu Marekani mwaka 2023, huondoa amiloidi na kupunguza kasi ya ugonjwa ukiwa mchanga. Hairudishi kumbukumbu iliyopotea, na inaweza kuvimbisha ubongo au kuuvujisha damu, hivyo mgonjwa hupigwa picha za MRI mara kwa mara.

Sasa tufanye nini?

Mpelekeni hospitali kabla hamjaamua wenyewe kwamba ni Alzheimer. Tezi ya shingo isiyofanya kazi vya kutosha, upungufu wa vitamini B12, sonona, damu iliyovilia kichwani baada ya kuanguka na VVU huweza kuleta usahaulifu, na vyote vina matibabu. Msiruke kipimo cha VVU kwa sababu ni bibi. Njombe, Iringa na Mbeya ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi makubwa nchini. Aende na anayeishi naye, maana yeye mwenyewe hataweza kueleza yote, na mbebe dawa zote anazotumia, za kienyeji zikiwemo.