Jua la Februari Minnesota: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mwishoni mwa Februari, wastani wa joto la mchana Minneapolis hukaribia tu kiwango cha maji kuganda. Kwa hiyo utabiri ukionyesha nyuzi 50 za Farenhaiti, yaani 10 za Selsiasi, watu hutoka na kaptula na watoto huacha majaketi nyumbani. Sisi tuliotoka Afrika Mashariki, na hapa Brooklyn Park, kitongoji cha Minneapolis, tuko wengi, hatukukulia kwenye barafu. Yako mambo tunayoambiana siku hizo ambayo si kweli, na moja kati yake linaua.

"Baridi imekwisha." Haijaisha. Mara nyingi joto hilo huletwa na upepo wa kusini, na upepo ukigeuka ukaanza kuvuma kutoka Kanada, mambo hubadilika usiku mmoja. Katikati ya Aprili 2018, uwanja wa ndege wa Minneapolis ulipata theluji ya karibu sentimita 40. Buti zisiende stoo bado. Na yule mnyama wa Pennsylvania aitwaye groundhog, anayetolewa shimoni kila tarehe 2 Februari "atabiri" kama baridi inaisha, hukosea mara nyingi kuliko anavyopatia.

"Simu imesema 50, basi ni 50 siku nzima." Namba kubwa ni kilele cha joto la siku, na kwa kawaida hufikiwa alasiri. Basi la shule hupita asubuhi, karibu na ile namba ndogo ambayo wengi hatuiangalii. Maji huganda kwenye nyuzi 32. Namba ndogo ikiwa 27, mtoto aliyetoka bila jaketi anasimama kituoni kwenye baridi ya kugandisha.

Namba hiyo ndogo ndiyo inayowaponza pia ndugu zetu wanaotoka zamu ya usiku. Theluji inayoyeyuka mchana hutiririka barabarani, kisha usiku huganda ikawa barafu nyembamba isiyoonekana. Ukitazama, unadhani lami imelowa tu. Madaraja hutangulia kuganda kwa sababu hewa baridi huyapitia juu na chini. Hata utabiri ukisema 35, usijiamini: joto hilo hupimwa takriban mita moja na nusu hadi mbili kutoka ardhini, na usiku usio na mawingu ardhi yenyewe hupoa kuliko hewa iliyo juu yake.

"Barafu ya ziwa bado nene, tupite tu." Hili ndilo linaloua, na naomba kila mzazi alisikie. Idara ya maliasili ya Minnesota hushauri angalau inchi 4 za barafu mpya, ngumu na angavu kwa mtu anayetembea kwa miguu, na inchi 9 hadi 10 kwa gari dogo. Lakini vipimo hivyo si vya barafu iliyozeeka. Ile nyeupe, iliyochanganyika na theluji, ina nguvu kama nusu tu ya ile angavu. Jua la mwisho wa Februari liko juu angani sawa na la katikati ya Oktoba, na likishaipiga barafu siku kadhaa, huanza kuachana kutoka ndani na kuwa vijiti vilivyosimama wima. Unene unaweza kubaki uleule huku nguvu imekwisha. Kando ya ufuo na penye mkondo wa maji huharibika mapema zaidi.

Wala uzoefu si kinga. Mwishoni mwa Desemba 2023 zaidi ya wavuvi 100 waliokolewa katika ziwa la Upper Red baada ya barafu waliyokuwa juu yake kumeguka na kuelea. Kwa hiyo kuona nyayo za mwingine, au hata gari lake, hakukuhakikishii chochote.

"Asilimia 30 ya mvua, maana yake mvua itanyesha theluthi ya siku." Hapana. Ni uwezekano kwamba mahali ulipo patapata mvua ya kupimika katika kipindi hicho cha utabiri. Haisemi itanyesha kwa muda gani wala kwa nguvu gani.

"Joto likija mapema, mavuno yatakuwa mazuri." Waulize wakulima wa Michigan. Machi 2012 joto lilipanda kama la kiangazi, na miti ya matunda ikachipua kabla ya wakati. Aprili jalidi, yaani baridi ya kugandisha, ikarudi ikaunguza maua, na jimbo likapoteza takriban asilimia 90 ya tufaha zake. Kwa bustani zetu hapa, sukumawiki huvumilia jalidi nyepesi, na unaweza kuithubutu mapema. Nyanya na maharagwe hayavumilii kabisa. Miche ya nyanya ibaki ndani, dirishani penye mwanga, hadi katikati ya Mei.